Kikombe cha Pembeni na Dirisha Lililofungwa

Katika nyumba nyingi za kwetu, mtu anaporudi kutoka hospitali na majibu kwamba ana kifua kikuu, jambo la kwanza ambalo familia hufanya ni kutenga vyombo. Mgonjwa hupewa kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, vyombo hivyo huoshwa peke yake, na watoto huonywa wasiviguse. Nimeyaona haya kwa ndugu, nimeyaona kwa majirani, na nimeyaona pia katika nyumba za watu wenye shahada ambao mtu angetarajia wawe wanajua zaidi. Woga wenyewe haunishangazi, kwa kuwa TB ni ugonjwa wa kuogopwa kweli: mwaka 2023 pekee, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 10.8 waliugua na milioni 1.25 walikufa. Kinachonishangaza ni mahali woga huo unapoelekezwa na wakati unapoanza. Unaelekezwa kwenye kikombe, ambacho hakiambukizi TB. Nao unaanza siku ya majibu, yaani siku ile ile mgonjwa anapokabidhiwa dawa, ilhali hatari kubwa ilikuwa katika wiki zilizotangulia, alipokuwa akikohoa usiku kucha ndani ya chumba kilichofungwa huku kila mmoja akisema ni kifua cha msimu wa baridi.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kufuatilia safari ya kile kinachotoka kinywani. Mtu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa, yale yanayoweza kuonekana kwenye mwanga wa jua, huanguka sakafuni au kwenye nguo katika muda wa sekunde chache. Madogo hayafiki sakafuni yakiwa matone, kwa sababu maji yake hukauka yakiwa bado hewani, na kinachobaki ni chembe kavu yenye upana wa mikroni chache tu, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe ya mikroni tatu, katika hewa iliyotulia, huchukua zaidi ya saa nzima kushuka kutoka usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama hadi chini, na kwa kuwa hewa ya chumba haitulii kabisa, chembe hiyo huzunguka na kuinuliwa tena mara nyingi kabla ya kutua. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, kina urefu wa mikroni mbili hadi nne na wembamba usiofika hata mikroni moja, kwa hiyo kinatosha vizuri ndani ya chembe ya aina hiyo. (Koch huyo huyo alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, ingawa hapa alishughulika zaidi na malaria na tauni kuliko na kijidudu kilichompa umaarufu.)

Udogo huo ndio unaoamua kila kitu. Chembe kubwa ikivutwa hunaswa na vinyweleo na ute wa puani au kooni, kisha humezwa na kuishia tumboni bila madhara. Ile ndogo huteleza na mkondo wa hewa hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, mahali ambapo damu hupokea hewa safi, na hapo ndipo TB inapotaka kufika. Ndiyo maana kikombe, hata kikiwa na mate ya mgonjwa, hakina njia ya kukifikisha kijidudu huko. Vivyo hivyo mkono ulioshikwa, nguo iliyofuliwa, au kiti alichokalia. Njia ni moja, nayo ni hewa ambayo watu wawili wameivuta kwa zamu.

Jambo hili halikukubaliwa kirahisi. Kwa miongo mingi waganga wengi waliamini kwamba hatari imo katika makohozi yaliyokauka sakafuni na katika vitu alivyogusa mgonjwa, na ilikuwa kazi ya mhandisi wa afya wa Marekani, William Firth Wells, kuonesha katika miaka ya 1930 namna matone yanavyokauka na kubaki yakielea. Uthibitisho wenyewe ulikuja baadaye mjini Baltimore, katika jaribio ambalo binafsi nalihesabu kuwa mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika historia ya tiba. Wells na daktari Richard Riley walichukua wodi ndogo ya wagonjwa wa TB, wakaelekeza hewa yote iliyotoka humo kupitia mabomba hadi chumba cha juu ya paa, na humo wakaweka simbilisi, wale wanyama wadogo jamii ya panya ambao baadhi ya familia za nyanda za juu kusini huwafuga kwa kitoweo. Simbilisi hao hawakuwahi kumwona mgonjwa, hawakugusa chombo chake wala shuka lake. Walichoshirikiana naye ni hewa tu. Mwezi baada ya mwezi baadhi yao waliambukizwa. Kisha watafiti wakaongeza chumba cha pili ambacho hewa yake ilipitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno unaoua vijidudu, na simbilisi wa chumba hicho wakabaki salama.

Matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa na jambo jingine ambalo nadhani lilistahili kuimbwa zaidi kuliko lilivyoimbwa. Wagonjwa hawakuambukiza kwa kiwango sawa: wachache walisababisha sehemu kubwa ya maambukizi, na wale walioanza dawa zilizokuwa zikifanya kazi mwilini mwao waliambukiza kwa kiwango kidogo mno wakilinganishwa na wasiotibiwa. Takriban wakati huo huo, mjini Madras nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 1959 ulilinganisha wagonjwa waliotibiwa nyumbani, katika vyumba vya msongamano, na wale waliolazwa hospitali maalumu za kifua kikuu. Watu wa familia za waliotibiwa nyumbani hawakuonekana kuugua zaidi kuliko familia za waliolazwa, kwa kuwa madhara yalikwisha kutendeka kabla ya mgonjwa kugunduliwa. Hospitali za kutenga wagonjwa, mfano wa Kibong'oto iliyoanzishwa mwaka 1926 kwenye mteremko wa Kilimanjaro ili watu wapumzike katika hewa ya mlimani, zilianza kubadili kazi yake tangu hapo. Kibong'oto yenyewe leo ni hospitali ya magonjwa ambukizi inayoshughulika sana na TB sugu, yaani ile isiyosikia dawa za kawaida.

Sasa turudi kwenye hewa ya kwetu. Mtu anayetaka kupata picha ya jinsi inavyosambaa achome udi sebuleni huku milango na madirisha yamefungwa, kisha achome tena siku nyingine akiwa barazani. Ndani, aliyekaa kona ya mbali ataupata moshi karibu sawa na aliyekaa jirani na chetezo, na harufu itabaki hata baada ya kaa kuzimika. Nje, hatua chache tu zinatosha kuupoteza. Kwa hiyo kukaa mbali kidogo na anayekohoa husaidia dhidi ya matone makubwa na dhidi ya wingu zito lililo mbele ya kinywa chake, lakini katika chumba kisichopitisha hewa umbali haumlindi mtu kwa muda mrefu. Mambo yanayoamua ni kiasi cha vijidudu kinachotoka kwa mgonjwa, ukubwa wa chumba, muda ambao watu wanakaa pamoja, na mara ngapi hewa ya ndani inabadilishwa na ya nje.

Jambo hilo la mwisho linaweza kupimwa bila kukiona kijidudu hata kimoja. Hewa ya nje ina hewa ukaa kiasi cha sehemu 420 hivi katika kila milioni, ilhali pumzi anayoitoa binadamu ina takriban sehemu 40,000. Ikiwa kipimo ndani ya chumba kinasoma 2,400, basi karibu asilimia tano ya hewa iliyomo imekwisha kupita katika mapafu ya mtu mwingine, na hiyo ni sawa na pumzi moja kati ya kila ishirini. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao walitumia njia hii katika maeneo ya mikusanyiko jijini Dar es Salaam, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 gereza liliongoza kwa hatari ya maambukizi, likifuatiwa na usafiri wa umma, huku shule zikiwa nyuma kwa mbali. Sidhani kama kuna abiria wa daladala atakayeshangaa. Asubuhi ya masika, mvua inaponyesha na vioo vyote vimefungwa hadi juu, watu wamesimama hadi mlangoni na konda bado anawaita wengine waingie, safari ya saa moja na nusu kutoka pembezoni mwa jiji hadi katikati ni muda mrefu sana wa kuvuta hewa moja.

Nyumbani kuna sababu zake, na sipendi kuzidharau. Tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu, kwa ajili ya wezi, kwa ajili ya vumbi la barabara isiyo na lami, na kule Njombe au Makete kwa ajili ya baridi inayouma. Kumwambia mama mwenye watoto wadogo afungue dirisha usiku mahali penye malaria, bila kumpa wavu, ni kumtaka achague ugonjwa mmoja badala ya mwingine. Wavu wa dirisha hupunguza kidogo upepo lakini haukatazi hewa kubadilika, na madirisha mawili yanayokabiliana hufanya kazi kubwa kuliko moja pana, kwa sababu upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Hapa nina ugomvi na namna tunavyojenga siku hizi. Vyumba vya kupangisha hupangwa mgongo kwa mgongo vikiwa na dirisha moja dogo linaloangalia korido, na yale matundu ya hewa yaliyokuwa yakiachwa juu ya kuta huzibwa kwa sababu yanaharibu mwonekano. Majengo ya zamani yenye dari za juu, veranda na madirisha marefu yalikuwa na akili ambayo hatukuirithi. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima nchini Peru na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba wodi za kizamani za aina hiyo, madirisha yakiwa wazi, zilibadilisha hewa vizuri kuliko wodi za kisasa, na hata kuliko vyumba vya kutengea wagonjwa vilivyotegemea mashine.

Kuhusu kiyoyozi pana kosa ambalo nimelisikia katika ofisi nyingi, la kudhani kwamba kinaleta hewa mpya. Kiyoyozi cha ukutani kilichozoeleka kwetu huvuta hewa ile ile iliyomo chumbani, kikaipooza na kuirudisha. Kile kinachoonekana nje ya ukuta kazi yake ni kutoa joto tu. Watu sita wanaofunga mlango na madirisha ili ubaridi usipotee huwa wanapumuliana tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, tena kwa starehe. Feni ya dari nayo huikoroga hewa bila kuibadilisha, na faida yake huja pale tu dirisha linapokuwa wazi.

Kijidudu kikishafika kwenye vifuko vya mapafu humezwa na seli za kinga, na hapo huanza mvutano ambao kwa watu wengi haumaliziki kwa ushindi wa upande wowote. Kinga hukizungushia ukuta, nacho hukaa humo kimya pengine kwa miaka. Inakadiriwa kwamba takriban robo ya watu wote duniani wameambukizwa kwa namna hii, lakini ni asilimia tano hadi kumi tu watakaougua katika maisha yao, wengi wao katika miaka miwili ya mwanzo. Kijidudu chenyewe hakina haraka: hujigawa mara moja katika saa ishirini hivi, wakati baadhi ya bakteria wa tumboni wanaweza kujigawa kwa dakika ishirini, na ndiyo sababu ugonjwa hunyemelea polepole kiasi cha kumfanya mtu azoee kikohozi chake. Ukuta huo hubomoka kinga inapodhoofika. Virusi vya Ukimwi ndivyo vinavyoongoza kwa kuubomoa, na kwa hiyo kila anayegundulika na TB hushauriwa kupima VVU. Lakini kisukari, utapiamlo, ulevi na uvutaji wa sigara vimo pia. Vumbi la mawe nalo ni jambo zito. Wachimbaji wa Mirerani wanaoshuka kwenye mashimo ya tanzanaiti huvuta vumbi la silika linalotia makovu na kukakamaza mapafu, na pafu lililokwisha kukakamaa hushindwa kukizuia kijidudu, tena chini ya ardhi ambako hewa ni finyu na wanaume wamebanana.

Ugonjwa ukiamka, dalili zake zinajulikana: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, na wakati mwingine damu katika makohozi. Pengine husafiri kwa damu hadi kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo ukaleta kibiongo, au kwenye utando wa ubongo, na hali hii ya mwisho ndiyo inayoua watoto wachanga. Chanjo ya BCG wanayochomwa watoto baada ya kuzaliwa hukinga hasa aina hizo kali za utotoni. Kwa TB ya mapafu ya mtu mzima ulinzi wake ni mdogo, jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi wanapoonyeshwa lile kovu la begani.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba kupona vijidudu si sawa na kupona mapafu. Mgonjwa aliyechelewa hubaki na makovu na mashimo ambayo dawa haiyafuti. Namfahamu fundi seremala aliyemaliza dozi yake vizuri na kupewa cheti cha kupona, lakini hadi leo hawezi kubeba mbao kupanda ngazi bila kusimama katikati. Kila wiki ya kuchelewa, kwa hiyo, ina gharama mbili: kwa pafu la mgonjwa na kwa hewa ya waliomzunguka.

Si kila ugonjwa wa hewa una tabia za TB. Surua ni ya haraka mno: virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na huwapata watu tisa kati ya kumi wasio na kinga waliokuwa karibu naye, ndiyo maana chanjo inapolegea kidogo tu mlipuko hauchelewi. UVIKO-19 ilituachia mabishano. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangazia umma kwamba ugonjwa huo hausambai kwa hewa, tukahangaika na ndoo za maji tiririka na kufuta meza kwa vitakasa, kisha baadaye msimamo ukabadilika kadiri ushahidi ulivyoongezeka. Kunawa mikono ni jambo jema kwa magonjwa mengi, hilo silipingi, ila madirisha yalistahili kutajwa mapema zaidi. Mwaka 2024 shirika hilo lilitoa istilahi mpya zinazoachana na ule mpaka mkali wa zamani kati ya matone na chembe za hewani.

Katika tiba ya TB, nchi zetu hazikuwa watazamaji. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, yalisaidia kuthibitisha kwamba matibabu yaliyochukua mwaka mmoja na nusu yanaweza kufupishwa hadi miezi sita. Na mpango wa taifa ulioanza Tanzania mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, wa kupima makohozi kwa hadubini vituoni, kumsimamia mgonjwa ameze dawa na kuandika matokeo ya kila mmoja, ndio uliokuja kuigwa duniani kote katika miaka ya 1990. Leo mashine za vinasaba hutoa majibu kwa saa chache na kuonesha kama kijidudu ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Na Morogoro, katika kituo cha APOPO, shirika linalofunza panya kunusa, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku waliofunzwa hunusa sampuli zilizokwisha kupimwa na kuwabaini wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Panya mmoja hunusa sampuli mia moja kwa dakika ishirini hivi.

Vipimo na dawa katika vituo vya umma hutolewa bure, lakini mtu hupotelea njiani kabla ya kuvifikia. Huanza na tangawizi na limau, akaenda duka la dawa akapewa sharubati ya kikohozi, akarudi akapewa vidonge vya siku tano, akapata nafuu ya muda, na mwezi wa pili ukaingia. Wakati wote huo analala chumba kimoja na wengine, na hakuna aliyemtengea hata kijiko. Akishagundulika na kuanza dozi inayomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka kwa kasi, na wiki mbili hivi ndizo zinazotajwa kwa kawaida kabla ya kumruhusu kurudi kazini. Barakoa katika siku hizo za mwanzo inafaa, tena inamfaa zaidi yeye kuivaa kuliko wageni wake. Miezi iliyobaki ni ya kumeza dawa bila kuruka, na katika miezi hiyo anahitaji kula pamoja na wenzake.

Kazi iliyobaki kwa familia si ya jikoni. Kila aliyeshiriki hewa naye katika miezi ile ya kukohoa anapaswa kwenda kupimwa, na watoto walio chini ya miaka mitano, wakikutwa hawaugui, hupewa kinga tiba ili kijidudu kilichokwisha kuingia kisipate nafasi ya kuamka. Muuguzi wa kliniki ataomba majina. Watu hutaja mwenzi na watoto wao, kisha hunyamaza. Dada wa kazi anayelala na watoto hutajwa mara chache, na vivyo hivyo mpangaji mwenza, bibi aliyekuja kutibiwa macho akakaa miezi mitatu, na kijana wanayefungua naye duka kila asubuhi. Nao pia wanatakiwa kuandikwa.